Yatima wa Wazazi Walio Hai

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba watu kutokana na nafsi moja, akajaalia baina ya mume na mke mapenzi na huruma. Na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyefiwa na babake kabla hajazaliwa, akalelewa na mama, kisha na babu, kisha na ami, kila mmoja akimpokea kutoka mikononi mwa mwenziwe bila ya kumwuliza yeye ni wa nani. Amma baad.

Wazee wetu, mama zetu, na vijana wa Mulekera, nanyi nyote mtakaosomewa maneno haya katika misikiti ya Beni na ya Butembo, nimekusudia leo kusema nanyi juu ya jambo ambalo tumezoea kulisema kwa kunong'ona, nalo ni hali ya watoto wetu pale nyumba ya baba na mama inapovunjika. Sitarefusha maneno juu ya haki za mume kwa mke wala za mke kwa mume, kwani hizo zimehutubiwa mara nyingi, na kila mmoja wetu amekwisha kuzihifadhi zile zinazomfaa yeye. Nitasema juu ya yule wa tatu, ambaye hakuwapo siku ya akidi, hakuulizwa juu ya mahari, hakumtaja shahidi wala walii, na siku ya talaka hukutwa amesimama mlangoni, shati jeupe la shule limefungwa vibaya vifungo, akimtazama mama anakunja shuka na baba anatoa godoro nje.

Mji huu wetu wa Beni, hapa Kongo, haukuwa na haja ya kuongezewa mayatima. Tangu mwezi wa Oktoba mwaka 2014 watu wanauawa kwa mapanga na kwa risasi pande zote za Beni, na kila baada ya mauaji tumeona watoto wakiletwa mjini wameshikwa mikono na majirani, baadhi yao wakiwa hawana umri wa kulitaja jina la kijiji walichotoka. Kisha tukapatwa na Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 baada ya kuonekana Mangina, ikaingia Beni na Butembo, na mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imekwisha kuua watu zaidi ya 2,200, wakiwamo mama walioambukizwa kwa kuwauguza watoto wao na watoto walioambukizwa na mama zao. Haya yalikuwa makadirio ya Mola, nasi hatukuwa na hiari ndani yake ila subira na kulea walioachwa. Lakini yuko yatima mwingine, ambaye babake anauza bidhaa zake pale soko la Kilokwa kila siku ya Mungu, na mamake yu hai katika mtaa wa pili, na bado mtoto huyo hana baba au hana mama, kwa sababu mmoja wao ameamua kwamba mwenziwe asimwone. Huyu hakufanywa yatima na panga wala na maradhi. Amefanywa yatima na ulimi wa mtu aliyemzaa, na mtu huyo husimama pamoja nasi katika safu ya kwanza.

Twamkumbuka sote Sheikh Ali Amini, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyepigwa risasi ndani ya msikiti hapa Beni tarehe 1 Mei 2021, katika mwezi wa Ramadhani, hali ya kuwa yumo katika sala. Naye alikuwa katika wale waliokemea waziwazi umwagaji wa damu unaofanywa kwa kutumia jina la dini. Wengi wetu tulilia siku ile, na machozi yale yalikuwa ya haki. Basi si insafu mtu ambaye hulaani dhuluma ya wauaji walio msituni kwa sauti kubwa awe, akirudi kwake, ni msitu kwa watu wa nyumba yake.

Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, Mola wetu amewaamrisha wale wanaochelea mfarakano baina ya mume na mke wapeleke mwamuzi mmoja kutoka katika jamaa za mume na mwamuzi mmoja kutoka katika jamaa za mke, akaahidi kwamba wakiwa na nia ya kusuluhisha, Yeye atatia mapatano baina yao. Uangalieni wakati uliotajwa: ni wakati wa kuchelea, moto ungali moshi. Desturi yetu imekuwa kinyume cha amri hii. Talaka hutangulia, nayo aghalabu hutoka usiku, na mara nyingi zote tatu kwa pumzi moja. Kisha alfajiri yake mume huja kumgongea imamu, macho mekundu, ameshika kofia mkononi, akitaka kujua kama maneno yaliyomtoka katika ghadhabu huhesabiwa. Mafakihi wana maneno marefu katika mas'ala haya, baina ya hasira ambayo mwenyewe ajua anenalo na hasira iliyomfunika akili, na imamu mwenye kuogopa Mungu hafyatui jawabu akiwa amesimama mlangoni. Kwa upande wangu, kabla sijaingia katika hesabu ya talaka, humwuliza bwana huyo watoto walikuwa katika chumba gani alipokuwa akiyatamka. Na sijapata kumwona mtu aliyekuwa na jawabu la upesi la swali hilo.

Waamuzi hawa wawili, basi, watafutwe mapema, na watafutwe kwa insafu zao, si kwa ukubwa wa sauti zao. Katika kila ukoo yuko ami au mjomba ambaye hupenda kesi kama wengine wapendavyo kahawa, na huyo ndiye hutangulia kuitwa, kwa kuwa haogopi kusema. Ilhali yule bibi mkongwe anayewajua mume na mke tangu utoto wao, na ambaye watoto humkimbilia wakipigwa, hukaa jikoni mpaka baraza ikaondoka. Tena liko jambo la mji wetu ambalo vitabu vya pwani havikulijadili sana, nalo ni kwamba sisi Waislamu hapa ni wachache, na wengi wa wake zetu, na hata sisi wenyewe, tuna wajomba walio Wakatoliki au Waprotestanti. Baadhi ya ndugu husema kwamba mjomba asiyekuwa Mwislamu hana neno katika suluhu ya Waislamu. Ni kweli kwamba mafakihi wameweka masharti juu ya mwamuzi atakayetoa hukumu. Lakini hapa hatusemi hukumu, twasema suluhu, na mzee mwenye busara wa upande wa mke, hata akiwa katekista, ndiye ambaye binti huyo atamtii na ndiye ambaye nyumbani kwake watoto watalala endapo mambo yatakuwa mabaya. Kumwondoa katika baraza ni kumwondolea binti jamaa zake aliopewa na aya.

Na hapa niseme juu ya mbuzi. Wanande wa mji wetu, kama wengi wa majirani zao, huuhesabu ukoo kwa upande wa baba, na jamaa ya mume hutoa mbuzi kwa jamaa ya binti kuthibitisha ndoa. Ni mila ya heshima, na sharia haikutujia kuzing'oa mila njema. Lakini mbuzi wa wazazi ni kitu kimoja, na mahari ya sharia, ambayo ni mali ya mke mwenyewe, ni kitu kingine; na katika vyote viwili hakuna kimoja kilicholipwa kuwa ni bei ya watoto. Nimemsikia mtu mzima akisema mbele ya wazee kwamba ametoa mbuzi wake na kwa hiyo atachukua watoto wake, naye mke akajibiwa na kaka yake kwamba mbuzi watarudishwa hata kesho na watoto wabaki. Wakawa wanapandisha na kuteremsha mnadani, na watoto wenyewe wako nje ya dirisha wanasikia wanavyotiwa thamani. Nasaba ya mtoto ni ya babake, hilo halina shaka, na hakuna talaka iwezayo kuifuta. Ama hadhana, yaani haki ya kumlea na kumtunza mtoto mdogo, ni jambo mbali, nalo sharia imempa mama kwanza. Alikuja mwanamke kwa Mtume, sala na salamu zimshukie, akamshitakia kwamba tumbo lake lilikuwa chombo cha mwanawe, na kifua chake kinywaji chake, na paja lake makao yake, na sasa babake amemwacha na ataka kumpokonya. Mtume akamhukumia kuwa yeye ndiye mwenye haki zaidi maadamu hajaolewa na mwingine. Hadithi hii ameipokea Abu Daud.

Lakini kisa kinachonishika moyo zaidi ni kile alichokipokea Imam Malik katika Muwatta, juu ya mtu ambaye hakuna kati yetu atakayethubutu kujilinganisha naye. Sayyidna Umar bin Khattab alikuwa na mke wa Kiansari, akamzalia mtoto jina lake Asim, kisha wakaachana. Siku moja Umar akaenda Quba, akamkuta Asim anacheza katika uwanja wa msikiti. Akamshika mkono, akampandisha mbele yake juu ya mnyama. Bibi yake mtoto, mzaa mama, akamwahi, akamzuia, na wote wawili wakaenda mpaka kwa Sayyidna Abu Bakr, ambaye siku hizo ndiye Khalifa. Umar akasema, ni mwanangu. Bibi naye akasema, ni mwanangu. Abu Bakr akamwambia Umar amwachie, asiingie baina ya bibi na mtoto. Na mpokezi wa kisa anatuambia kwamba Umar hakurudisha hata neno.

Mzingatieni Umar huyu, ambaye watu wazima walibadili njia kwa kumwogopa, aliyekuwa na nguvu za mwili, na cheo, na ufasaha wa kusema mchana kutwa: amekuja mbele ya kadhi na bibi kizee, ameshindwa, na amekwenda zake. Hakusema kwamba hukumu imependelea wanawake. Hakwenda kumvizia mtoto kwa njia ya pili. Wala mtoto hakupungukiwa na kitu kwa kulelewa na bibi yake, kwani Asim alikua akawa mtu mwema, na binti yake ndiye aliyemzaa Umar bin Abdulaziz, ambaye uadilifu wake ungali ukipigiwa mfano mpaka leo. Basi baba ambaye huwachukua watoto shuleni kwa pikipiki saa sita mchana, mama yao akangoja mpaka magharibi asiwaone, na anayefanya hivyo akidai kwamba ni haki ya mwanamume, atuoneshe kwanza ni wapi amemzidi Umar.

Nami sitaki wanaume peke yao waondoke hapa wameinamisha vichwa. Wako mama ambao, wakiisha kuachwa, huwapeleka watoto kwa dada zao Butembo, au huwavusha mpaka Kasindi na kuingia nao Uganda, na baba akiuliza huambiwa kwamba hawapo. Wako wanaomfundisha mtoto wa miaka minne kwamba babake amekufa. Aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara imekataza pande zote mbili kwa pumzi moja: mama asitiwe dhara kwa sababu ya mwanawe, wala baba asitiwe dhara kwa sababu ya mwanawe. Na katika aya hiyohiyo Mola wetu ameamrisha kwamba wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili, liwe jambo la ridhaa yao wawili na la kushauriana. Yafikirini hayo. Kuachisha ziwa ni jambo la miezi michache, jambo ambalo wengi wetu wanaume hatujui hata limetokea siku gani. Na hata hilo halikuachiwa mmoja alikate peke yake. Itakuwaje, basi, kumhamisha mtoto shule, au mji, au kumtoa kwa kaka zake?

Mtoto akifikia umri wa kupambanua, ambao katika madhehebu yetu ya Shafii hukadiriwa kuwa ni kama miaka saba, yeye hupewa hiari kati ya wazazi wake. Asili yake ni ile hadithi ya mwanamke aliyekuja kwa Mtume akasema kwamba mumewe ataka kumchukua mwanawe, naye mwana huyo humtekea maji katika kisima cha Abu Inaba na amekwisha kumfaa. Mtume akawataka kwanza wapige kura. Baba akakataa, akisema ni nani wa kumshindania mwanawe. Ndipo Mtume akamwambia kijana kwamba huyu ni babako na huyu ni mamako, na ashike mkono wa amtakaye. Akashika mkono wa mamake, nao wakaondoka. Twajua sisi maana ya mtoto anayeteka maji, kwani asubuhi njia za mitaa yetu zimejaa watoto na bidoni za manjano. Mtoto wa namna hiyo si mzigo kwa mama, ni mkono wake wa pili.

Lakini hiari hii tumeifanya kuwa adhabu. Nimehudhuria baraza ambayo mtoto alisimamishwa katikati ya mkeka, wajomba upande huu na mababa wadogo upande ule, akaulizwa kwa sauti ya kuhojiana ampenda nani. Mtoto akaangalia miguu yake, akapitisha kidole cha mguu juu ya ukindu uliokatika, akarudia tena na tena, na kila alipokawia kujibu wakubwa walimwongezea swali. Mwisho akasema ataka kwenda kwa bibi. Wakacheka. Mimi sikuona la kuchekwa, kwa maana alikuwa ametafuta mlango ambao akiupita hatamkosea mtu. Swali la Mtume lilikuwa limekwisha kutanguliwa na subira, na mtoto hakuambiwa amtaje asiyempenda. Alitakiwa ashike mkono tu. Anayetaka kulisikia shauri la mtoto na amchukue pembeni, mtu mmoja mwenye sura ya upole, asiyekuwa wa upande wowote, aongee naye habari za shule na za mpira, na jawabu litakuja lenyewe.

Tena wanachuoni hawakuliacha jambo hili juu juu. Imam Nawawi, katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wa pwani wamekisoma na kukisomesha vizazi kwa vizazi, nasi Uislamu ulitujia kutoka kwao kwa njia ya Ujiji na Kasongo, amelifikiria jambo hili mpaka saa za mchana na za usiku. Kijana akimchagua mama, atakuwa kwa mama usiku, na mchana atakuwa kwa baba, amfundishe adabu na ampeleke chuoni au kwenye kazi ya mikono. Akimchagua baba, asizuiwe kumzuru mamake, kwani kumzuia ni kumzoeza kukata udugu. Akiugua, mama ndiye mwenye haki zaidi ya kumwuguza, ikiwa baba ataridhia iwe nyumbani kwake, na kama hakuridhia basi iwe kwa mama. Na mtoto akimchagua mmoja leo, kisha akabadili nia akamtaka wa pili, atahamishwa, wala hataitwa msaliti. Watu wanaosema kwamba kufikiria moyo wa mtoto ni mambo ya Wazungu wasome mlango huo, kwani Nawawi mwenyewe alikufa Syria zaidi ya miaka 700 iliyopita.

Na katika mlango huohuo iko mas'ala ambayo nimeiona kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya Beni. Mzazi mmoja akitaka kusafiri kwa haja zake na kurudi, mtoto hubaki na yule anayekaa mjini. Ama akihama kabisa, baba ana haki ya kumchukua mwanawe kwa kuhifadhi nasaba, lakini kwa sharti kwamba njia iwe ya amani na mji unaoendewa uwe wa amani. Ndugu zangu, nani kati yetu asiyejua barabara ya Mbau kwenda Kamango, au barabara ya Oicha na Eringeti kwenda Komanda, ambayo imepata kupitwa kwa misafara ya kusindikizwa na askari? Amekuja baba aliyepata kazi ng'ambo ya huko, ana hoja zote za sharia mdomoni, ataka watoto wake wamfuate; na mama anakataa, ana hoja zake. Hoja zao zote mbili zikae nyuma ya swali la njia. Na sharti hili humhusu mama pia: anayewahamishia watoto shambani kwa wazazi wake, mahali ambapo watu hukimbia kila baada ya mwezi, ili tu wasiwe karibu na baba yao mjini, ameiweka hasama yake mbele ya roho zao.

Ikiwa suluhu imeshindikana na talaka haina budi, basi itolewe kama ilivyoamrishwa, moja tu, mwanamke akiwa tohara, na mke akae katika nyumba yake mpaka eda iishe. Sura ya At-Talaq imeanza kwa hukumu hiyo: wasitolewe majumbani mwao wala wasitoke wenyewe, ila wakifanya uchafu ulio dhahiri, kwa kuwa haijulikani pengine Mwenyezi Mungu ataleta jambo baadaye. Katika talaka rejea nyumba hubaki ni nyumba kwa muda wa tohara tatu, na watoto huendelea kulala katika vitanda vyao, na wakubwa wapata nafasi ya kutulia. Nyumba ngapi zingeponea katika miezi hiyo! Sisi mke hutoka usiku uleule, na jamaa zake huja asubuhi kuchukua masufuria. Hapo hata atakayejuta huona haya kurudi, maana mtaa mzima umeyaona masufuria.

Juu ya nafaka, yaani matumizi ya kumtunza mtoto, nitasema machache, kwa kuwa yako wazi. Nafaka ya mtoto ni juu ya babake, awe amelala kwake au kwa mamake, awe amepatana na mama au wamekosana. Haishuki kwa sababu mama ni mkali wa maneno. Hindi bint Utba aliposhitaki kwamba Abu Sufyani hampi cha kumtosha yeye na wanawe, Mtume alimruhusu achukue katika mali yake kiasi cha kuwatosha kwa wema. Nayo aya ya 7 ya Sura ya At-Talaq imempa kila mtu kwa kadiri yake: mwenye wasaa atoe katika wasaa wake, na aliyebanwa atoe katika alichopewa. Mwenye kakao asijifanye maskini mpaka msimu wa mavuno upite, kisha akatoa gunia moja la mihogo mbele za watu; na mwenye kusukuma mkokoteni asidaiwe kama mwenye duka. Aibu kubwa zaidi ni kumtuma mtoto mwenyewe kwenda kudai. Nimemwona, naye si mmoja, kapangwa na mama aende kwa baba Ijumaa baada ya sala, aseme mbele za watu kwamba viatu vimetoboka. Na baba, kwa kufedheheka, akamjibu amwambie mamake amwulize huyo anayemtembelea usiku. Mtoto akayabeba maneno hayo, neno kwa neno, akayapeleka. Mtu mzima hawezi kuyabeba maneno hayo asijikwae. Sisi twamtwika mwenye miaka minane. Lenye kusemwa baina ya waachanao lisemwe na watu wazima, na kama hawawezi kutazamana, waamuzi wao wawili wangali wapo, kazi yao haikwisha siku ya talaka.

Kuna tofauti moja kati yetu na ndugu zetu wa Zanzibar na wa Kenya ambayo lazima tuijue. Wao wana makadhi ambao sheria za nchi zao zinawatambua, na hukumu ya kadhi ina nguvu ya serikali nyuma yake. Hapa Kongo sheikh hana askari. Anachokiandika ni nasaha, na anayekataa hukataa akaenda zake. Mbele ya serikali talaka haithibiti ila kwa hukumu ya mahakama ya amani, na jaji naye, kwa sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, hana budi ajaribu kwanza kuwapatanisha. Na sheria ya kumhifadhi mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeamuru maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila uamuzi unaomhusu. Sioni katika hayo jambo la kumtia Mwislamu hofu. Wako wanaosema kwamba kwenda mahakamani ni kuacha sharia. Mimi naona kwamba anayelisema hilo mara nyingi ni yule ambaye hana nia ya kutoa nafaka, na ajua kwamba imamu hawezi kumlazimisha. Ndoa iliyofungwa msikitini bila ya kuandikishwa serikalini huacha mke na watoto bila ya karatasi ya kushika, na mtoto asiyeandikishwa katika siku 90 za kuzaliwa kwake huanza maisha na mlango umefungwa. Basi tuandikishe, ndoa na watoto, hali tungali tunapendana, maana watu waliokwisha gombana hawapeani hata tarehe ya kuzaliwa ya mtoto.

Kwa wale ambao wana kesi hivi sasa, na wako hapa, nami nawaona: milango ya msikiti i wazi baada ya sala ya Isha. Kila upande na uje na mtu wake mmoja, si kumi. Watoto wabaki nyumbani kwa jirani, na kama iko haja ya kuwasikiliza tutawafuata huko. Yatakayokubaliwa yataandikwa siku ileile kwa Kiswahili kinachosomeka: mtoto atalala wapi siku za shule na wapi siku za mapumziko na za Idi, nani atamfikisha, baba atatoa nini na kwa tarehe gani, akiugua nani ataarifiwa kwanza, na hapana mmoja atakayemvusha mpaka au kumpitisha njia ya hatari ila kwa ridhaa ya mwenziwe. Watatia sahihi mume na mke, na waamuzi wao wawili, na karatasi zitakuwa nne: ya baba, ya mama, ya msikiti, na ya nne atapewa chifu wa mtaa.